Kiazi cha Saa Kumi na Moja

Saa kumi na moja, Tukuyu haijaamua kama bado ni usiku
au ni mvua tu imesimama kupumzika.
Bati linadondosha. Sijainua kichwa,
maana kichwa kikiinuka, tumbo nalo linainuka.
Ndoo ipo. Kanga ya kufutia ipo.
Mate yamejaa mdomoni, yangu na si yangu.

Sista Tusajigwe aliandika kwenye kadi kwa wino mwekundu:
PUNGUZA WANGA.
Akauliza, "Kwani unakula nini?"
Nikacheka. Sista, mimi ni mtu wa Rungwe,
niulize nisichokula.
Ndizi zimeegemea mlango kama wageni wasioaga,
viazi vya Isyonje viko chini ya kitanda,
na kazi yangu, andika na hilo, ni kuuza mchele wa Kyela,
meza ya tatu kutoka kwa fundi cherehani.

Hakucheka. Alimkumbuka Lusekelo,
mwanangu wa kwanza, kilo nne na ushee,
sukari iliyomnenepesha ndani yangu kama boga,
kisu kilichomtoa, na mshono ambao hadi leo
huanza kusema kabla mvua haijasema.

Basi nikatii.
Majani ya maboga. Mtindi usiotiwa kitu.
Parachichi, ambalo zamani tuliwatupia nguruwe
na siku hizi linapanda ndege.
Mbasa wa Matema, niliyemnunua kwa hela ya viatu:
yeye alifika sufuriani, mimi sikufika mezani.
Na yai. Nani alijua yai lina harufu?
Lina harufu ya banda, ya manyoya mabichi,
ya kuku mwenyewe akiwa na mawazo.

Halafu mchele! Ule wa kunukia,
ambao watu hushuka kutoka Mbeya mjini kuufuata.
Nikifungua gunia nageuza uso kama niliyefumaniwa.
Mteja mmoja akaniambia,
"Dada, unauza, au mmegombana?"

Mama mkwe, Bibi Kissa, ana dawa yake: uji wa ulezi,
sukari vijiko vinne. "Mtoto hajengwi kwa majani."
Ambokile, mume wangu, dawa yake ni kunyamaza,
kubeba ndoo, kuimwaga nyuma ya migomba,
kurudi ananukia sabuni na ukungu.
Hajawahi kuniandikia barua.
Ndoo ameiosha mara sitini.

Tangawizi nimetafuna mpaka ulimi ukawa kamba.
Limau nimenusa hadi limenyauka.
Udongo wa sokoni nimeulamba nikijificha,
Mungu na Sista wasinione.

Wiki ya tisa nikarudi kliniki, kilo tatu hazipo.
Nikasema, Sista, sukari imeshuka.
Na mimi nimeshuka nayo.
Akaitazama mizani. Akaitazama kadi.
Akashika kalamu ile ile:
"Nilisema punguza. Sikusema ufuge njaa."
Akakunja ngumi, ngumi ndogo ya mwanamke mfupi.
"Kiazi cha hivi. Kimoja. Cha jana, kilichopoa.
Ukile ukiwa bado umelala.
Yai likija, likukute umeshaketi."

Ndiyo maana ya saa kumi na moja.
Ambokile anapapasa gizani, sahani ya bati inalia,
Lusekelo anageuka, anaota, anamtukana mbuzi.
Kiazi baridi. Chembe za chumvi.
Natafuna taratibu kama mtu anayehesabu hela
anayojua haitoshi.
Nasubiri.
Tumbo linafikiri.
Nje, lori la majani ya chai linapanda mlima kwa gia ya kwanza,
linakoroma, linataka kuzima,
halizimi.

Leo kimekaa.
Kesho nitakuwa muongo nikikuambia.
Ambokile, nasema, lete hilo yai,
ila ulifunike.