Mpangaji Hapigi Msumari

Walinipa wiki sita na karatasi ya masharti:
nahodha asilie, asioe, asife.
Chombo kisivunjike popote pasipoungika
kabla ya msimu mpya kuanza Septemba.
Kurasa tisini na sita. Malipo mara moja.
Jalada lilikwisha kuchorwa sijaandika neno:
mlipuko wa rangi ya chungwa
ambao ilinibidi niutafutie sababu.

Nikaandika jikoni, Hull, mvua ikipiga kioo,
na *Doria ya Zohali* ikirudiwa kwa jirani,
hata ukutani nikawa namsikia nahodha akitoa amri.
Nyumba ya watu ile. Mpangaji hapigi msumari.

Lakini palikuwa na fundi mmoja, Oslet,
yule wa kipindi cha tatu, anayefungiwa nyuma ya mlango
hewa ikamwishia bila kupewa hata sentensi.
Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu.
Nikampa mama. Nikampa kikohozi cha utotoni
na bati la biskuti la kuwekea skrubu zilizobaki,
maana mashine yoyote ukiifungua, alisema,
utabaki na skrubu moja mkononi,
nayo ndiyo siri yako na mashine.
Nikapiga msumari wangu. Mdogo. Nyuma ya kabati.

Gazeti la Jumapili lilitoa mistari minne
chini ya tangazo la mazulia:
"Bi Thelma Garbutt anajua kupiga taipu."
Mitatu iliyobaki ilihusu jalada.
Mwingine, wa Leeds, aliandika kwa huruma,
na huruma yake ndiyo iliyouma,
kwamba kalamu hii ingefaa kitabu cha kweli.
Wahenga walisema: nguo ya kuazima...
Malizia mwenyewe. Mimi nimeketi.

Halafu Doncaster. Hoteli ya karibu na stesheni,
watu mia mbili ndani ya sare za buluu
zenye vifungo vya makoti ya shule.
Bwana Desmond Ackroyd alisimama na orodha:
makosa kumi na tisa. La kwanza, mlango.
Kitabuni unafunguka kwa kushoto.
Kipindi cha tatu, cha tisa, cha ishirini: kulia.
Nikasema, labda Oslet alikuwa upande wa pili.

Ukumbi ukanyamaza.
Kisha wakaanza kugeuza viganja hewani,
watu wazima mia mbili wakifungua mlango usiokuwepo,
ndani, nje, ndani,
hadi Bwana Ackroyd akatoa rula
akakata mstari mmoja. "Kumi na nane."

Wengine waligombana kama kitabu kinahesabiwa:
Oslet alikuwa na mama kweli,
au mama wa kitabuni tu?
Marafiki wawili waliacha kusalimiana siku ile.
Naambiwa hawajarudiana.

Kwenye foleni ya chai, mwanamke wa Grimsby,
vidole vimejaa makovu ya kisu cha samaki,
hakuniomba saini.
"Lile bati la biskuti," akasema. "Liliishia wapi?"
Sikuwa nimefikiria. Nikajibu: alirudishiwa mama yake.
"Na skrubu zake?"
Zote.
Akahesabu chenji yake polepole. "Basi vizuri."

Msimu wa tano televisheni ilimfufua Oslet.
Safari hii yatima, amelelewa na roboti.
Barua ya kampuni ilikuwa fupi: hadithi yako
haitambuliwi tena. Nakala za ghalani
zilikwenda kusagwa, zikawa, nadhani, trei za mayai.

Usiku huo simu ililia saa sita kasoro.
Ackroyd. Sauti ya mtu atokaye mazikoni.
"Wamekosea," akasema. "Alikuwa na mama.
Ukurasa wa arobaini na moja."
Akaanza kunisomea, kwa kichwa, bila kitabu,
lile bati, ile skrubu, kile kikohozi,
na katikati akakosea neno.

Nilisikia.
Nikamwacha aendelee.