Silabi ya Mwisho

Mstari wenyewe mfupi: *nitakungoja*.
Silabi tano, noti tano, basi.
Fundi Mbusa, katika chumba cha mbao kule Birere,
magodoro yamegongomelewa ukutani,
alinyosha kidole: "Imba kilichoandikwa."

Kyakimwa akaimba. Akafika kwenye *ja*,
akakataa kuiacha.
Akaivuta, akaivunja vipande saba,
akaiteremsha kama chukudu lenye viazi kutoka Kibumba,
breki ya raba ikinuka,
likikwepa jiwe, likikwepa jiwe lingine,
na tulipodhani limepinduka
limesimama mlangoni pa mteja.

"Mkazo uko kwenye *ngo*," fundi akasema.
"Kiswahili hakilii mwishoni."

"Mama alilia mwishoni.
Aliniita juu ya mawe meusi, Kyakimwa-a-a,
jina lote likaisha, ikabaki *a*,
nikaifuata hiyo *a* mpaka nyumbani."

Wakaanza tena. Umeme ukakatika.
Mashine kimya, mdundo kimya.
Yeye hakujua, au alijua:
akaendelea gizani,
akapanda pale ambapo wimbo hauna ngazi,
akakaa huko,
akashuka na kitu mkononi.
Mimi, mpiga besi, nilikuwa na kikohozi. Nilikimeza.

Taa ikarudi. Fundi akaruka kitini:
"Ile! Rudia ile!"

"Ile ipi?"

Wimbo ulitoka na noti zake tano.
Redioni unapita vizuri, watu wanaupenda.
Mimi ukifika kwenye *ja*
huwa nazima redio,
nangoja.