Pembe Nane

Bradford, mwezi wa pili. Dirishani pa maabara
mvua bado haijaamua kama iwe theluji.
Ackroyd ameiwasha mashine; nyundo ndogo zinashuka,
kila pigo kidonge, cheupe, bado kina uvuguvugu.

Mwaka mzima tulibadili kitu kimoja kimoja:
wiki hii wanga, wiki ijayo stearati,
kisha nguvu ya mgandamizo.
Daftari likajaa, kidonge kikabaki jiwe.
Kidole kimoja, nilimwambia Ackroyd, hakivunji chawa.
Akataka kujua chawa wameingiaje kwenye unga.

Basi nikachora mchemraba ubaoni.
Ubavu huu wanga, mchache hadi mwingi;
ubavu ule stearati; wima, mgandamizo.
Pembe nane, michanganyiko minane,
na mitatu ya katikati, kipimo kilekile,
itupimie uongo wa mikono yetu wenyewe.
Zamu tukazipigia kura,
vikaratasi ndani ya kofia yake ya sufu,
baridi ya asubuhi isije ikajivika sifa ya wanga.

Maji ya nyuzi thelathini na saba, joto la tumbo.
Mchanganyiko wa tano: dakika kumi na tisa.
Wa pili ulipasuka kabla sijavuta kiti,
lakini ulikuwa umeshapukutika kiganjani.

Hesabu ikasema tusichouliza mwaka mzima:
stearati peke yake, mpole;
mgandamizo peke yake, unavumilika;
wakikutana, wanaufunga mlango kwa ndani.

Huko Manningham, ghorofa ya pili, baba
anasaga dawa zake kati ya vijiko viwili.
Tangu kiharusi koo lake halimwamini.
Unga mchungu, uji, uso anaoukunja nisiuone.
Dawa yetu si yake, ni ya maradhi mengine.
Ila kila nikisoma saa, nasikia vijiko.

Jibu halikuwa kwenye pembe hata moja.
Lilikaa ndani ya mchemraba, karibu na ukuta,
mahali ambapo hatukuwahi kukanyaga.
Tukaenda. Mchanganyiko wa kumi na mbili.
Kidonge kikazama, kikatulia,
kikafunguka kama mkate kwenye chai:
sekunde arobaini na nne.

Ackroyd hakusema kitu. Alichukua kingine,
akakiangusha kwenye saruji. Kikadunda mara mbili.
Akakiokota, akakagua ukingo kwa kucha.
"Tena," akasema,
akavaa kofia,
na kikaratasi kimoja kikamwangukia begani.