Kwanza, Lala Chini

Novemba nilianguka jikoni.
Halikuwa anguko la kusimulia: soksi, vigae, maji ya birika.
Nikalala pale tangu taarifa ya asubuhi hadi karibu adhuhuri,
nikiutazama uvungu wa meza
niliyoilia chakula miaka arubaini bila kuujua.
Huko juu, au huko chini, nikakuta chingamu
alizobandika mwanangu Emrys akiwa na miaka tisa.
Tano. Ngumu kama kokoto,
kila moja na alama ya kidole gumba chake.
Nilizihesabu, nikazihesabu tena.
Msoma mita ya gesi ndiye aliyenisikia.

Muuguzi akanipa kadi: vipindi kumi na viwili, bila malipo,
kwenye jimu ya mtaa,
kanisa lile lile nililobatiziwa kabla halijakosa waumini.
Mashine ya makasia imewekwa pale ilipokuwa mimbari;
mtu anapiga makasia nusu saa, jasho linamtiririka,
na haendi popote,
kama mahubiri fulani ninayoyakumbuka.
Ubao wa namba za nyimbo bado uko ukutani.
Siku hizi zinapangwa kilo.

Mkufunzi ni Heledd, binti wa mchinja nyama wa darajani,
miaka ishirini na sita, shingo kama ya farasi wa mgodi.
Akauliza: "Unataka nini, Bwana Idwal?"
Mama aliyenitangulia alitaka kuingia kwenye gauni
kabla ya harusi ya mjukuu wake.
Kijana wa baada yangu alitaka mabega.
Nikasema, "Nataka kuinuka."
Hakucheka. Akatandika mkeka wa buluu.
"Basi kwanza, lala chini."

Nilikuwa postamasta, mimi. Kisha nikawa tarishi, kwa hiari yangu,
nikapanda kila ngazi ya bonde hili kwenye mvua ya Wales,
mvua isiyo na haraka wala huruma.
Mbwa walinijua. Milango ilinijua.
Na sasa mtoto wa Gwilym ananiambia nilale
mbele ya watu, na fulana yangu imepanda tumboni.
Nikapiga moyo konde. Nikalala.

Dari ilikuwa ile ile.

"Geuka ubavu. Kiwiko. Ngoja.
Usipambane na sakafu, isukume."
Goti la kwanza. Goti la pili likakataa,
likatoa mlio wa mlango wa banda.
Nilimtukana Heledd kwa lugha ya mama yake,
naye akanijibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa ufasaha kunishinda.

Wiki ya tatu, kwa kiti.
Wiki ya tano nilirudi nyuma; kifua, mafua, uvivu,
sitasema kipi.
Wiki ya nane, kwa mkono mmoja juu ya goti,
jasho jembamba, meno yameumana,
na yule kijana wa mabega akasimamisha vyuma vyake
akajifanya anafunga kamba za viatu
ili asinitazame. Nikampenda kwa hilo.

Jumapili iliyopita, nyumba kimya,
nilifunga mlango wa jikoni, nikavua soksi,
nikashuka mwenyewe.
Vigae vilikuwa baridi kama bahasha za Januari.
Nikateleza chini ya meza, nikazihesabu:
tano, bado zipo.
Nikaweka kidole gumba changu juu ya alama ya chake.
Emrys yuko Perth sasa, hupiga simu wakati mimi nimelala.

Kisha ubavu. Kiwiko. Nikangoja.
Nikaisukuma sakafu.

Nilipokuwa nimesimama sikujua la kufanya,
nikachemsha maji.

Vipindi vyangu kumi na viwili vimekwisha.
Jumanne nitapeleka pauni tatu zangu mwenyewe;
Heledd anasema sasa tuzungumze kuhusu ngazi.