Njia ya Sajini

Vigae hivi nilivinunua Eneo la Viwanda,
maboksi arubaini na mawili, rangi ya maziwa yenye chai kidogo,
kwa mkopo wa chama na kiburi changu mwenyewe.
Fundi Musembi aliviweka kwa siku sita,
jicho moja amelifumba, uzi umenyooka ukuta hadi ukuta,
akasema, hapa hata inzi atajiona uso.

Chini yake ikazikwa saruji nyekundu ya Buruburu
na nyufa zake zote.
Kumbe kila ufa ulikuwa kishikio.

Sajini hakuulizwa.
Miaka kumi na tatu, ndevu nyeupe,
mbwa aliyewahi kumvua mwizi kiatu,
mwizi akakimbia na kimoja hadi Mutindwa.
Alipoingia mara ya kwanza
miguu minne ikaenda pande nne.
Kucha: tik, tik, tik,
kisha kishindo cha kifua.
Hakulia. Alitutazama
kama mzee aliyeanguka harusini,
anayengoja mtu aanzishe mazungumzo mengine.

Tangu siku hiyo alisimama mlangoni pa jikoni,
akaipima sebule kwa macho kama mto uliofurika,
akarudi kulala nje,
na ilikuwa Julai, baridi ile ya kung'ata masikio.

Nikasema kwenye simu, Mama, ni uzee tu.
Akanijibu, Uzee una miguu, Mogaka.

Jumamosi nikakuta keshaamua.
Gunia la mchele, limepindwa na kushonwa kwa uzi mweusi.
Zulia la korido ya zamani, lenye doa la chai
la mwaka aliofariki baba.
Mpira wa Gikomba, aliubishania hadi shilingi mia mbili na hamsini.
Na chini ya kila kipande, ukanda wa tyubu ya baiskeli
ili kisitoroke.

Daktari wa Kabete alimwelekeza mengine:
nywele zinazoota kati ya vidole zikatwe,
maana kwake ni soksi juu ya sabuni;
kucha zipunguzwe kidogo kidogo, bila haraka;
na kwenye vidato vitatu vya nyuma
apitishe leso chini ya tumbo, ashike ncha zote mbili.
Unampunguzia uzito, Mama alinieleza,
humpunguzii heshima.

Nitasema kweli: niliona aibu.
Sebule yangu ya maziwa, viraka kila mahali
kama suruali ya kibarua.
Lakini nikamtazama mbwa.
Anaweka mguu. Anangoja zulia limjibu.
Anaweka wa pili.
Alipofika kwenye bakuli alikunywa muda mrefu,
kama mtu aliyetoka safari.

Nikaifuata njia yake kwa macho:
mlangoni, kwenye maji, kwenye blanketi kando ya televisheni.
Halafu kule kwenye korido
vipande vinne zaidi, vimebanana,
vinakata kona kuelekea bafuni.

Sajini huogeshwa nje, bombani.
Bafuni hajawahi kuingia.

Mama alikuwa akichambua maharagwe.
Kiwiko cha kushoto alikifunga bandeji
ambayo wiki iliyopita aliniambia ni ya baridi.
Aliniona nikiona.
Akatoa jiwe moja, akalitupa, akamwita mbwa.

Sikuuliza kitu.
Duka la vifaa la kule mzunguko lilikuwa bado wazi.
Nikarudi na bomba la kushikia, skrubu nane,
na drili ya kuazima kwa jirani, Bwana Shiundu,
nikapiga magoti kando ya beseni
mbele ya kigae kile ambacho Musembi alijivunia kuliko vyote,
nikaweka ncha katikati.

Kilipasuka, ufa mwembamba hadi pembeni.
Nikaendelea kutoboa.