Saa Nane na Dakika Tatu Usiku

Katika benki ya damu ya Košice, chini ya ngazi,
tuna mashine isiyo na mwili.
Haina feni yake, haina waya wake;
imepanga chumba ndani ya mashine nyingine,
mpangaji asiyewahi kumwona mwenye nyumba.
Humo mna hifadhidata,
na kila mfuko wa damu una namba, kundi na rafu.

Ctibor aliniuzia usingizi.
"Zlatica, kila usiku saa nane na dakika tatu
tunaipiga picha mashine nzima.
Ikifa, tunaifufua kutoka pichani.
Dakika kumi na mbili tu."
Nikatia sahihi. Nikalala miaka miwili.

Sikuuliza: je, kama anayepigwa picha
yumo katikati ya sentensi?

Mwangalie mtu anayemimina maziwa:
jagi limeinama, kikombe kinangoja,
na yale yaliyo hewani
si ya jagi, si ya kikombe.
Hifadhidata huishi hewani hapo.
Nusu ya neno imeshatua diskini,
nusu ingali mdomoni, katika ile kumbukumbu
inayosahau kila kitu umeme ukikonyeza jicho.
Picha yetu iliona jagi na kikombe.

Kuna dawa, walisema: iamuru kwanza ishike pumzi,
imeze ilichonacho, ndipo upige.
Tukaiamuru. Ikashika pumzi sekunde thelathini na nane,
na Božidara wa zamu akapiga simu akifoka:
skrini imeganda, ambulensi iko mlangoni!
Tukaiondoa amri ile. "Kwa muda," niliandika.
Muda wenyewe ulikuwa mrefu.

Februari, theluji juu ya reli za tramu,
ghala la diski likazimika saa kumi na nusu alfajiri.
Ctibor alikuja na koti juu ya pajama.
Dakika kumi na mbili, hakuongopa.
Mashine ikainuka, taa zote za kijani,
ikiamini kwamba ni saa nane na dakika tatu.

Lakini diski mbili, ya data na ya daftari la miamala,
zilipigwa picha kwa sekunde tofauti:
mapacha walioulizwa siku ya kuzaliwa
wakataja siku mbili.
Tukazisuluhisha kwa nguvu. Kurasa kadhaa zikachanika.

Mfuko 4417, O hasi, rafu ya pili. Upo.
Ndivyo skrini ilivyosema.
Božidara akafungua jokofu: rafu ya pili, baridi tupu.
4417 ulikuwa ndani ya mshipa wa Hugolín, dereva wa tramu,
ghorofa ya tatu, tangu saa tisa na dakika kumi.

Asiyekuwepo na lake halipo.
Saa mbili na nusu hazikuwepo pichani,
na lao halikuwepo: mifuko kumi na mmoja,
mchangiaji aliyekataliwa kwa homa ya ini,
marekebisho ya kundi la mtoto mmoja.
Mashine haikujua kwamba haijui.
Hilo ndilo lililonitia baridi kuliko jokofu.

Tulivaa glavu tukainamia ndoo za taka.
Mifuko mitupu, lebo zenye madoa,
tukazisoma kwa sauti, Ctibor akinakili kwa penseli.
Daftari letu la miamala lilikuwa pale, likinuka dawa:
kila tendo kwa zamu yake, lisilosubiri kupigwa picha.

Sasa daftari la kweli linatumwa mji mwingine
kila baada ya dakika tano,
na kila Alhamisi tunaifufua mashine ya majaribio
tukiiuliza kuhusu jana.
Wakati mwingine inajibu vibaya. Tunaanza upya.

Asubuhi ile nilipanda hadi ghorofa ya tatu
kuhakiki mfuko wa mwisho.
Hugolín alifungua jicho moja, akaiona penseli.
"Unaandika nini?"
"Kwamba damu hii umepewa wewe."
"Ajabu," akasema. "Nilidhani nilishaandikwa."
"Ulikuwa umeandikwa," nikamjibu.