Kati ya Mbivu na Mbovu

Mwezi wa tano tuliuangusha mbetula
uliokuwa ukiegemea paa la sauna.
Kaljo akahesabu kuni: baridi mbili nzima, akasema,
tayari anasikia joto miguuni.
Nikamwomba magogo matatu.
"Ya nini?"
"Ya kuozesha."
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa
mkewe anafuga chawa.

Kuozesha nako kuna adabu zake.
Gogo liwe bichi, gome lisibanduke,
lisimame wima juu ya udongo mweusi,
kichwani liwekewe konzi ya majani yaliyooza mwaka jana,
maji kidogo, ya mvua, si ya bomba,
kisha mfuko wa taka, ufungwe kwa kamba legelege
ili pumzi ipite, ukavu usipite.
Nikayaweka chumba cha nje cha sauna,
tunapovulia nguo,
kwa kuwa joto la Jumamosi hubaki ukutani hadi Jumatatu
na kuvu, kama wazee, haipendi kulala miguu imepoa.

Kiangazi kizima wageni walitundika mashati
juu ya harufu ile:
chachu, uyoga, soksi, mkate mweusi.
Kaljo aliwaambia, "Msiulize. Mke wangu ana wagonjwa."

Miaka thelathini na mmoja niliandika hesabu za kiwanda cha maziwa.
Huko kilichoharibika kiliandikwa kwa wino mwekundu, kikamwagwa.
Hakuna aliyenionyesha safu
ya vitu vinavyoharibika kuelekea uzuri.

Kila mwezi nililichoma gogo kwa msumari.
Msumari ukigoma: bado.
Ukizama kama kwenye jibini: umechelewa.
Mvumilivu hula mbivu, ndiyo,
lakini akivumilia siku kumi zaidi hula mbovu.
Gogo la kwanza lilinimegukia mikononi kama keki,
nikalirudishia bustani bila kumwambia mtu.
La tatu lilichomwa usiku wa baridi kali,
kwa bahati mbaya, anasema Kaljo.

La pili nililipasua mwezi wa kumi na moja,
theluji ya kwanza ikiwa bado haijaamua.
Ndani: weupe, rangi ya chai ya maziwa,
na mstari mweusi, mwembamba kama wa kalamu,
ukipinda, ukirudi, ukijikwepa.

Mstari ule si rangi. Ni ukuta.
Kuvu mbili zimekutana gizani,
kila moja ikasema, hapa ndipo mwisho wako,
ikajenga.
Nikakaa juu ya ndoo.
Shangazi Nasta, Mseto kama mimi,
amezikwa kilomita sita kutoka hapa;
majani yakipukutika, dirisha la juu
linakuonyesha ncha ya kanisa lake.
Ng'ambo ya uzio. Kufika kaburini
kunataka muhuri, foleni,
na jibu la mtu anayeuliza kwa nini.
Nami nimekaa kwenye ndoo nashangilia mpaka
kwa sababu umechorwa vizuri.

Sikulitupa, hata hivyo.
Likakauka hadi Pasaka.
Nikavaa barakoa, maana vumbi la kuvu
halina urafiki na mapafu,
nikanoa patasi mara tatu kwa bakuli moja:
mti uliooza nusu haukerezwi kwa ubabe,
ukiuonea unang'oka nyuzinyuzi.
Maganda yakaruka, mengine manyoya, mengine unga tu,
na mstari ukazunguka, ukazunguka,
hata usijue huku ni kwa nani na kule ni kwa nani.
Nilipozima mashine ulirudi palepale.

Bakuli lina tundu karibu na ukingo,
pale kuvu ilipokula zaidi ya fungu lake.
Sikuliziba.
Supu haikai. Kaljo huweka humo miwani,
vidonge vya presha, senti za chenji.
Hajasema ni zuri.
Ila jana, akivua viatu,
aliugusa mfuko mpya kwa kidole cha mguu,
akauliza, kama anayemjulia mtu hali,
"Na huyu, umemnywesha?"